Ukitaka kudandia upepo wa mwenzako, piga hodi kwanza

Jioni moja mwezi wa saba, saa kumi na moja na ushei, nilikuwa natoka Mbaraki naelekea feri. Upepo wa kusi ulikuwa unanipiga usoni kama umetumwa. Wewe uliyewahi kuendesha baiskeli upande ule wajua hali ilivyo: kulia kwako malori ya bandarini, kushoto mtaro, na katikati umebakishiwa ukanda wa lami wa upana wa mkeka.

Mbele yangu pakawa na shimo. Nikalikwepa kama ninavyolikwepa kila siku, kidogo tu, bila hata kufikiri. Mara nikasikia chuma kikigonga chuma nyuma yangu, kisha kishindo, kisha breki za lori zikilia. Kugeuka, naona kijana wa rika langu yuko chini, goti limechubuka, rimu ya mbele imejikunja kama namba nane. Lori lilikuwa limesimama hatua chache tu kutoka kichwani pake.

Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Mbona hukuniambia kuna shimo?"

Na langu kwake: "Mbona hukuniambia uko hapo?"

Wallahi sikujua yupo. Mwenyewe alisema alikuwa amenidandia tangu kule karibu na Nguzo ya Mbaraki. Muda wote huo mimi napasua upepo, yeye amejibanza nyuma yangu anapumua taratibu. Sikuona wala sikusikia kitu. Tukasimama pale tukitupiana maneno huku dereva wa lori akitutukana sote wawili, na hakuna aliyekuwa na jibu la swali la mwenzake.

Nimekaa na maswali hayo mawili kwa muda. Nimeona si yetu peke yetu. Ni ya kila mtu anayekanyaga pedeli kwenda kazini Mombasa siku hizi, na tunazidi kuwa wengi.

Baiskeli zimerudi mjini

Kama huamini, nenda ukasimame kwenye mteremko wa feri upande wa kisiwani saa moja asubuhi. Feri ikifungua mdomo, kwanza hutoka watu wa miguu, mawimbi kwa mawimbi, na katikati yao utaona vichwa vya usukani. Kuna wauza boflo, mafundi wa ujenzi, vibarua wa magodauni, walinzi wanaotoka zamu, na vijana wenye baiskeli za mtumba ambazo gea zake nusu zimekufa.

Sababu yake haihitaji profesa. Mwezi wa saba 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Septemba mwaka huo, lita ya petroli ilikuwa imevuka shilingi 200. Tangu hapo kila tarehe 14 ya mwezi EPRA ikitangaza bei, abiria ndiye anayeshika kifua. Petroli ikipanda, nauli hupanda siku hiyo hiyo. Petroli ikishuka, kondakta anakuambia bado hajapata habari.

Mimi nilipoacha chuo, nauli ndiyo matumizi ya kwanza niliyoyakata. Baiskeli ukishainunua haikuombi kitu kila asubuhi, labda upepo kidogo kwenye tairi.

Halafu kuna Kigali. Septemba 2025 Rwanda iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika kuyapokea tangu yaanze 1921. Tuliyatazama kwenye simu, tukamwona Tadej Pogačar wa Slovenia akiwaacha wenzake kwenye vilima na kumaliza peke yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo. Kwa hiyo sasa kila kijana anayeshuka mteremko wa feri anajiona Girmay. Si vibaya. Shida ni kwamba tumechukua ujanja wa mashindano bila kuchukua adabu yake.

Kwani kuna nini nyuma ya mgongo wa mtu?

Kuna upepo mdogo. Ndiyo siri yote.

Ukiwa kwenye barabara tambarare na umeshika kasi, adui wako mkubwa si uzito wa baiskeli wala mnyororo uliokauka mafuta. Ni hewa unayoisukuma. Tena hewa haina huruma. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 25, nguvu unayotumia kuipasua inakaribia kuwa maradufu, ingawa kasi imeongezeka kwa robo tu. Na ukiwa unaenda 20 huku upepo wa 15 unakujia usoni, mwili wako unapambana na hewa ya 35. Mzigo wa hewa unakuwa mara tatu ya siku isiyo na upepo. Ndiyo maana unafika nyumbani ukiwa hoi, na mke au mama anakuuliza kwani leo ulikuwa unabeba mawe.

Sasa mtu akiwa mbele yako, yeye ndiye anayeipasua ile hewa. Wewe uliye karibu na gurudumu lake la nyuma unaweza kuokoa robo ya nguvu zako, hata zaidi ya theluthi, kutegemea kasi, umbali na ukubwa wa mwili wake. Hata ukikaa mita mbili tatu nyuma bado unapata faida, ila inapungua.

Mabaharia wa huku kwetu walijua habari hii kabla baiskeli haijabuniwa. Chombo kina upande wa goshini, unakotoka upepo, na upande wa demani, uliokingwa. Kudandia ni kujiweka demani ya mtu mwingine.

Pwani hii upepo una ratiba yake. Kusi inavuma kuanzia karibu mwezi wa nne hadi wa tisa, na kaskazi inashika kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu. Anayetoka Kisauni kwa Daraja la Nyali hukabiliwa na kusi asubuhi akija mjini. Anayetoka Likoni kuja Mbaraki husukumwa nayo asubuhi, kisha ikamsubiri jioni akirudi amechoka. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka. Kwa hiyo kila msimu kuna mtu anayetafuta mgongo wa kujificha, na kila msimu kuna mgongo unaotafutwa.

Faida ni ya kweli, basi. Hatubishani hapo. Tunachobishana ni: je, ni halali yako kuichukua bila kuomba?

Hoja ya "barabara si ya babako"

Rafiki yangu mmoja, dereva wa boda aliyeanza maisha kwenye baiskeli, aliniambia nimezidisha. "Hewa si yako. Barabara si ya babako. Yeye akikaa nyuma, wewe umepungukiwa nini?"

Ni hoja nzuri, na nusu yake ni kweli. Anayekaa nyuma yako hakuibii nguvu. Wanaopima mambo haya hata wanasema aliye mbele hupata nafuu ndogo sana, kwa sababu aliye nyuma huijaza ile hewa inayomvuta kwa nyuma. Kwa upande wa nguvu, hakuna wizi.

Lakini nguvu si kitu pekee unachokuwa nacho barabarani. Una pia nafasi yako ya kukosea. Unayo haki ya kukwepa shimo ghafla, kufunga breki kuku akikatiza, kupangusa jasho, kuyumba kidogo. Mtu akikuganda nyuma bila wewe kujua, ameichukua ile nafasi. Sasa kila unachofanya kinaweza kumwangusha mtu, na akianguka huenda akaangukia chini ya lori.

Fanya hesabu mwenyewe. Kwa kilomita 25 kwa saa unasafiri kama mita saba kila sekunde. Mtu wa kawaida anahitaji karibu sekunde nzima kuona jambo, kulielewa na kubana breki. Ukiwa mita moja nyuma yangu nami nikasimama ghafla, huna hiyo sekunde. Huna hata robo yake. Na gurudumu lako la mbele likigusa langu la nyuma, anayeanguka kwa kawaida ni wewe, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo lenye usukani na mizani yako. Mimi naweza nikayumba tu nikaendelea. Yule kijana aligundua hivyo kwa goti lake.

Kwenye mashindano mambo haya yana mkataba. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kibaiskeli na David Kinjah, alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Hakufika pale peke yake. Alikuwa na wenzake wanaolipwa mshahara kumkinga upepo kilomita baada ya kilomita, na kila mmoja alijua nani yuko nyuma ya nani. Wakitoroka watu wanne kutoka kwenye kundi, wanapokezana mbele, na anayekwepa zamu yake huchukiwa na wote. Kwa upande mwingine, kwenye triathloni nyingi za masafa marefu kudandia kumekatazwa kabisa. Lazima ukae mita 12 nyuma ya mwenzako, ama uadhibiwe. Unaona? Kote kuna kanuni. Ama umekubaliana na mwenzako au umekatazwa. Hakuna mahali inaporuhusiwa kujibanza kimya kimya kama mwizi wa mihogo.

Sisi wa kwenda kazini ndio hatuna mkataba wala refa. Inabidi tutafute adabu yetu wenyewe. Bahati nzuri tunayo tayari, tumelelewa nayo, ila hatujaipandisha kwenye baiskeli.

Hodi

Ulipokuwa mdogo ulifundishwa huingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Unasimama kando ya mlango, huchungulii ndani, unaita. Ukijibiwa karibu, unaingia. Ukiita mara tatu kimya, unarudi ulikotoka, na huna haki ya kununa.

Mgongo wa mtu barabarani ni ua wake. Kwa hiyo piga hodi. Haihitaji hotuba. Kengele kama unayo, kisha salamu: "Assalaam alaikum, niko nyuma yako hapa." Au "Mzee, shikamoo, nakufuata mpaka feri." Au kwa rika lako, "Kaka, naomba mgongo, upepo umenimaliza." Hapa Mombasa kumpita mtu bila salamu tayari ni utovu wa adabu, sembuse kumkalia mgongoni dakika kumi.

Akisema karibu, mmeingia kwenye mapatano, na sasa kila mmoja ana deni.

Aliye mbele anadaiwa macho. Sema "shimo" kabla ya shimo. Nyoosha mkono chini upande lilipo. Usifunge breki ghafla ila kwa dharura. Ukitaka kugeuka, onyesha mapema. Wewe ndiwe unayeiona barabara, mwenzako anauona mgongo wako.

Aliye nyuma anadaiwa zaidi. Mikono ikae kwenye breki. Usitazame gurudumu la mwenzako kama unatazama runinga, tazama mbele kupitia begani kwake. Usiingize gurudumu lako ubavuni mwa lake, maana akiyumba tu umekwisha. Na ukae mbali kuliko wanavyokaa wa Kigali. Wale wamefunga barabara, hawana tuktuk inayosimama katikati kuchukua abiria.

Je, kama hujapiga hodi? Basi lolote likitokea ni lako. Ninajua yule kijana wa Mbaraki akisoma hapa atakasirika, lakini sioni njia nyingine. Siwezi kudaiwa onyo na mtu ambaye sijui yupo. Hata gari likigonga lingine kwa nyuma, wa nyuma ndiye anayeanza kuulizwa maswali.

Na akikukatalia? Amekukatalia. Punguza mwendo au mpite. Labda hajiamini na breki zake. Labda jana ameachwa na mpenzi, hataki mtu. Si kazi yako kujua.

Siku ya tatu mpe jembe

Kuna mzee mmoja wa boflo nilimdandia wiki nzima nilipoanza safari hizi. Baiskeli yake ni Black Mamba ya zamani, na nyuma kwenye keria kuna kreti lililojaa mikate, pana kama kabati. Kwa mtu anayekimbia upepo, ile ni ngome. Nilimpigia hodi vizuri siku ya kwanza, akacheka, akasema karibu mwanangu.

Siku ya tano akapunguza mwendo mpaka nikafika ubavuni. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ule msemo wa mgeni huufahamu?"

Nikabaki namtazama. Akasema, "Mgeni siku mbili. Ya tatu?"

Nikaona haya. Nikapita mbele. Mzee yule ana umri wa kunizaa mara mbili, amebeba mzigo, na mimi kijana mwenye gea na mkoba mtupu nilikuwa nimejificha nyuma yake siku nne nikijisifu kwa ujanja. Jioni hiyo nilielewa kwamba mapatano haya yana zamu. Dakika mbili mbili, au kutoka taa hadi taa, mnapokezana. Kama mwenzako amechoka au amebeba mzigo, wewe mwenye nguvu unakaa mbele zaidi. Kama wewe ndiye huna nguvu, sema hivyo mapema, na mwishoni sema asante. Asante haina bei.

Hili jambo la mzigo nalisema kwa sababu sasa tumeanza kuwa matabaka mawili barabarani. Kuna wenye kofia za helmeti na kaptura za kubana wanaofanya mazoezi, na kuna wanaoendesha kwa sababu hawana nauli. Wa kwanza huwadandia wa pili bila kuwatambua, kama vile wanadandia lori. Mzee wa boflo si kizuizi cha upepo. Ni mtu anayekwenda kazini.

Hapa mimi ndiye niliyekosa

Kisa kinachofuata hakinipendezi kukisimulia, lakini bila hicho makala hii ni nusu.

Nina rafiki wa kike anayefanya kazi Ganjoni na kurudi nyumbani kwa baiskeli. Nilipomsimulia kuhusu kuanguka kwa yule kijana, nikitarajia anipe pole, aliniuliza: "Na wewe, ukimkuta mwanamke mbele, unafanyaje?"

Nikamwambia nafanya kama kwa mtu mwingine yeyote, nakaa nyuma yake.

Akaniambia anachofanya yeye. Akisikia mnyororo wa baiskeli nyuma yake na haupiti, moyo unaanza kumwenda mbio. Anaongeza kasi. Mnyororo unaongeza. Anapunguza. Mnyororo unapunguza. Hajui kama ni mtu anayekimbia upepo, au anayetaka simu, au anayetaka jambo baya zaidi. Kwa hiyo anasimama kwenye kibanda chochote chenye taa, anajifanya ananunua krediti, mpaka mtu yule apite. Wakati mwingine anasimama mara tatu kabla ya kufika.

"Nyinyi mnaokoa nguvu," akasema, "sisi tunazimaliza kwa hofu."

Nilikumbuka jioni kadhaa nilizowahi kumfuata mwanamke barabarani kwa nia safi kabisa, na nikakumbuka wengine waliosimama ghafla kwenye vibanda. Nilidhani wana kiu.

Nia yangu safi alikuwa haioni. Anachosikia ni mnyororo tu. Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu, na ukitaka ubishe: kama wewe ni mwanamume na aliye mbele ni mwanamke usiyemjua, usimdandie. Hasa jioni. Hasa njia za kando zisizo na watu kama zile za kuelekea magodauni. Mpite kwa nafasi, sema "napita kulia" kwa sauti ya kawaida, uende zako. Hodi yenyewe hapa haitoshi, maana kuna sauti ambayo ikisema hodi gizani hakuna anayetaka kuisikia. Na kama yeye ndiye anayekuita umkinge upepo, hiyo ni habari nyingine. Mlango ni wake.

Lori halina karibu

Kuna mgongo mmoja ambao hupaswi kuugusa kabisa, nao ni wa gari.

Najua unavutia. Lori la kontena likikupita polepole kutoka bandarini, nyuma yake kuna utulivu wa ajabu, unahisi kama umevutwa kwa kamba. Watu wameufanyia hata maonyesho utulivu ule. Mwaka 1899 Mmarekani Charles Murphy aliendesha baiskeli nyuma ya treni na kumaliza maili nzima kwa chini ya dakika moja. Mwaka 2018 Denise Mueller-Korenek, naye Mmarekani, alikimbia karibu kilomita 296 kwa saa nyuma ya gari la mashindano kwenye uwanda wa chumvi huko Utah.

Lakini Murphy alikuwa amewekewa mbao laini katikati ya reli, na treni yenyewe ilitengenezewa kinga. Mueller-Korenek alikuwa na dereva aliyefanya naye mazoezi. Wewe una dereva ambaye hajui upo, kioo kisichokuona, na shimo ambalo lori linalipita kwa magurudumu sita wakati wewe unalo gurudumu moja la kulitumbukiza. Lori likifunga breki, huna pa kwenda. Na wale wanaoshikilia ubavu wa lori kwa mkono mmoja kupanda kilima, sina la kuwaambia ila wamuulize mama yao kama anakubali.

Adabu si barabara

Utasema: haya yote ya hodi na jembe ni mazuri, lakini tatizo letu hasa ni kwamba hatuna njia. Ni kweli kabisa.

Kwa takwimu za NTSA, zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani Kenya kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni watu wa miguu. Sisi wa baiskeli tuko kwenye foleni hiyo hiyo ya wasio na bodi ya chuma. Miaka hii tumeona pesa zikimwagwa kwenye usafiri wa kisiwa hiki. Daraja la watu wa miguu la Liwatoni, hapo hapo jirani na Mbaraki, lilizinduliwa Desemba 2020 wakati wa korona ili kupunguza msongamano kwenye feri. Daraja la Makupa likachukua nafasi ya ile barabara ya kujaziwa mawe mwaka 2022. Barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya magari kwenda kusini bila kupanda feri. Madaraja tunayo. Lakini ukanda wa mita moja na nusu kando ya barabara, uliotengwa kwa ukingo ambao lori haliwezi kuupanda, wa kutoka feri hadi bandarini? Huo bado tunauota.

Na hapa ndipo ninapoogopa kidogo maneno yangu mwenyewe. Kuna hatari tukiongea sana kuhusu adabu yetu, wakubwa wafurahi. "Vijana wameelewana, basi." Hapana. Shimo lililomwangusha yule kijana halikuchimbwa na utovu wa adabu. Kama lisingekuwepo, mimi nisingekwepa, naye leo angekuwa na goti zima na angefika feri akidhani amenipunja. Kaunti ina barabara zake na serikali ya kitaifa ina zake, na kila ukiuliza unaambiwa ile yenye shimo ni ya yule mwingine.

Lakini kesho asubuhi bado utakwenda kazini, na njia haitakuwa imejengwa usiku. Kinachokulinda kati ya leo na siku hiyo ni watu wengine walio kwenye baiskeli. Kama hatuongeleshani, kila mmoja ni hatari kwa mwenzake. Tukiongeleshana, hata dereva wa lori anaona watu wanne waliopangana mstari mmoja, badala ya watu wanne wanaoyumbayumba kila mmoja na lake. Na watu waliozoea kusalimiana barabarani ni rahisi zaidi kukutana siku moja mlangoni kwa mwakilishi wa wadi wakiwa hamsini.

Kuhusu yule kijana: tulikokota baiskeli yake mpaka kwa fundi, tukiwa bado tunabishana. Fundi akaiangalia ile rimu, akatuangalia sisi, akasikiliza kesi yote huku akifungua spoki. Kila mmoja alisubiri aambiwe ana haki.

Fundi akasema, "Nyote wawili mna midomo. Na rimu ni ya kubadilisha."

Tuligawana bei ya rimu. Mimi nilitoa kidogo kuliko yeye, na hilo bado hatujakubaliana. Lakini tangu siku hiyo, nikiwa nimeinamia usukani na kusi imeshika, huwa nasikia nyuma yangu kengele mbovu yenye sauti ya kijiko kwenye sufuria, halafu mtu anaita, "Hodi!"

Najibu, halafu namwonyesha shimo. Bado lipo pale pale.